Asili ya Dawa ya Tumbo

Yako maneno ambayo mtu huyatumia maisha yake yote bila kuyauliza yametoka wapi, nami katika miaka hii ya ustaafu nimepata nafasi ya kuyauliza. Mojawapo ni neno "asili". Ukitoka Mtoni kwa Azizi Ally ukaishika Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala, utasoma vibao vingi vya dawa za asili, na karibu kila kibao huanza na tumbo: tumbo kujaa gesi, tumbo kusokota, choo kigumu, ngiri, vidonda. Ukivuka mji ukaenda Mwananyamala, Tandale au Manzese, vibao ni vilevile, rangi tu ndizo zinazobadilika. Wala sishangai kwamba tumbo ndilo linaloongoza. Katika mitaa ambamo maji ya bomba huja siku yanapotaka yenyewe, na kisima cha jirani kiko hatua chache kutoka kwenye choo cha shimo, ugonjwa wa tumbo huingia kila nyumba bila kubisha hodi.

Swali langu ni hili: asili ya wapi? Siliulizi kwa ubishi. Nimetumia dawa hizi tangu utotoni, na baadhi yake ninazitumia mpaka leo. Naliuliza kwa sababu mtu akishaambiwa kwamba jambo fulani ni la asili, huacha kulichunguza, akadhani kwamba wazee walilikuta limeshuka pamoja na mvua.

Tuanze na uani. Nyumba za zamani za Temeke na Kinondoni, zile za udongo na makuti zenye baraza mbele, ilikuwa shida kuzikuta hazina mpera, mpapai au mwarobaini nyuma yake. Mtu akiharisha, majani machanga ya mpera yalichumwa, akayatafuna na chembe ya chumvi, au yakachemshwa akanywa maji yake machungu. Mtoto mwenye minyoo alipewa mbegu za papai zilizoanikwa na kusagwa. Mwarobaini ulikuwa wa kila kitu, kama jina lake linavyodai, maana husemwa kwamba unatibu maradhi arobaini.

Sasa tazama safari ya miti hiyo mitatu. Mpera na mpapai ni miti ya Amerika. Haikuwako Afrika kabla ya merikebu za Wareno na Wahispania kuanza kuvuka bahari ile, na hata neno "pera" tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni jina la tunda jingine kabisa. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani zake. Mti wa Kihindi, tukaupa jina lenye hesabu ya Kiarabu, na leo ndio unaosimama mstari wa mbele kwenye vibao vya dawa za asili za Mwafrika! Siusemi vibaya. Nasema tu kwamba ulikuja na watu, ukapokewa, ukajaribiwa, ukapewa uraia.

Ukiingia soko la Kariakoo, kwenye meza za wauza viungo na dawa, hadithi ni hiyohiyo. Sanamaki, ambayo wazee wa pwani waliitumia kufungulia choo, inatangaza yenyewe kwamba ni sana ya Makka. Mvuje, ule utomvu unaonuka kiasi cha kumfukuza mgeni, ambao mama zetu waliutumia kwa mtoto mwenye mchango na hata kumfunga mkononi, hutoka katika mmea wa Uajemi na Afghanistan. Tangawizi ni ya Asia. Habasoda ina jina la Kiarabu lenye maana ya mbegu nyeusi. Karafuu, ambayo mtu wa Unguja na Pemba anaweza kuapa kwamba ni yake, ilitoka visiwa vya Maluku, ikastawishwa hapa katika karne ya 19, hasa zama za Sayyid Said.

Kichekesho kikubwa ni ukwaju. Huu ni mti wa Afrika hasa, na maji yake ni dawa ya kale ya choo kigumu. Lakini Waarabu waliufahamu kwa Wahindi, wakauita tende ya Hindi, na Wazungu wakalichukua jina hilo wakaliingiza mpaka katika Kilatini chao cha kisayansi. Kwa hiyo mti uliotoka kwetu umeandikwa kuwa wa Kihindi, na ule uliotoka Uhindini sisi tunauita wa asili.

Vilivyo vyetu tangu awali ni hivi: ukwaju, ubuyu, aina nyingi za mishubiri, mizizi ya porini ambayo Wazaramo na jirani zao waliijua, na, msomaji asicheke, uji. Mtama na ulezi ni nafaka zilizoanza kulimwa katika bara hili. Uji nitaurudia mbele, kwa sababu una habari kubwa kuliko watu wanavyoudhania.

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na macho. Dawa iliyosaidia ilirudiwa, isiyosaidia iliachwa, na iliyodhuru ilisimuliwa kwa wajukuu. Baadhi ya walichokiona kimethibitishwa baadaye. Watafiti wa Mexico walitangaza mwaka 2002 kwamba dawa iliyotengenezwa kwa majani ya mpera ilipunguza msokoto wa tumbo kwa watu wanaoharisha. Utafiti mdogo wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2007, kwa watoto 60, ulionyesha kwamba mbegu za papai zilizochanganywa na asali ziliondoa minyoo kwa wengi wao. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, na hilo limepimwa mara nyingi. Sanamaki huuzwa katika maduka ya dawa duniani kote ikiwa ndani ya vidonge, na wanaoinunua kwa bei ya kidonge hawajui kwamba bibi yangu aliinunua kwa senti chache ikiwa imefungwa katika kipande cha gazeti.

Hata hivyo macho yana mpaka wake. Macho huona haraka kinachofunga au kufungua tumbo, lakini hayaoni upesi kinachoua polepole, wala hayatenganishi dawa iliyoponya na ugonjwa uliojiondokea wenyewe. Maradhi mengi ya tumbo hupona kwa siku tatu hata usipofanya lolote, na sifa yote huenda kwa yule aliyekuja na chungu siku ya pili. Tena dawa ya mkubwa si ya mdogo. Mafuta ya mwarobaini yamepata kuwadhuru watoto wachanga vibaya sana, wengine kufa. Ukisema hivyo mbele ya muuza dawa atakwambia kwamba mti hauna kemikali. Kana kwamba uchungu ule ni wa hewa!

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 1976 nilikuwa nafundisha katika shule moja ya msingi Temeke. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la tatu hakuonekana siku mbili, na siku ya tatu tukaarifiwa kwamba mdogo wake, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, amefariki. Tulikwenda walimu wawili kutoa mkono wa pole. Bibi wa mtoto alitusimulia, kwa sauti ya mtu asiyetafuta kujitetea. Mtoto aliendesha siku tatu. Walimpa maji ya mpera kwa kijiko. Walimpaka mvuje. Utosi ulipobonyea, wakaenda kwa mtu anayejua dawa ya utosi, kwa kuwa utosi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake. Na muda wote huo alipolilia maji walimnyima, maana kila walipompa yalipita moja kwa moja. "Mwalimu," aliniambia, "utampaje maji mtoto ambaye maji ndiyo yanayomtoka?"

Sikuwa na la kumjibu siku ile, wala haikuwa siku ya kujibizana. Lakini nimeyafikiri maneno yale kwa karibu miaka 50. Hakuna aliyempuuza mtoto yule. Nyumba nzima ilikesha. Walifanya kila walichorithi, na kati ya walivyorithi yalikuwamo majani yanayosaidia kidogo na katazo linaloua. Vyote viwili vilikuwa vya asili. Kilichomchukua mtoto ni kukauka, na utosi ule uliobonyea ulikuwa ni mwili wake unaoomba maji kwa lugha ambayo watu wazima waliisoma vibaya.

Wala bibi yule hakuwa peke yake. Nimesoma baadaye kwamba kumnyima maji au chakula anayeharisha ilikuwa desturi ya nchi nyingi, na hata madaktari wa Ulaya wa karne ya 19 walikuwa nayo kwa namna yao. Pwani hii imeuonja mwisho wake. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869 na kuendelea mwaka 1870, kilifagia watu kwa maelfu, na daktari Mskoti aliyekuwa akiishi huko, James Christie, alikifuatilia mpaka akaandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876, akionyesha jinsi ugonjwa ulivyotembea na misafara ya biashara kutoka nchi hadi nchi. Njia zilezile zilizoleta karafuu na mvuje zilileta na kipindupindu. Christie aliona vema ulivyosafiri. Namna ya kumrudishia mgonjwa maji yake haikuwa imepatikana bado.

Ilipatikana mwaka 1968, na mahali ilipopatikana ni Dhaka, nchi ambayo leo ni Bangladesh. Madaktari vijana wawili wa Kimarekani, David Nalin na Richard Cash, walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji kwa kunywa, bila kungoja dripu, ili mradi maji yale yawe na chumvi na sukari kwa kipimo. Siri yake ni rahisi na ya ajabu. Utumbo unaoharisha hukataa maji matupu, lakini sukari inapopita katika ukuta wake hupita imeshikana mkono na chumvi, na maji hufuata nyuma. Mwaka 1971, vita vilipowasukuma wakimbizi kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kambini Bangaon na dripu zimemwishia. Aliwapa ndugu za wagonjwa mchanganyiko huo wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa karibu asilimia 30, vikashuka chini ya asilimia 4.

Kwetu habari hiyo ilikuta udongo ulioanza kulimwa. Mwaka 1973 Serikali ilikuwa imeendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mimi, mwalimu niliyetoka Chuo cha Ualimu Chang'ombe si siku nyingi, nilikuwa mmoja wa viongozi wa vikundi wapatao 75,000 nchi nzima. Watu kama milioni 2 walishiriki. Tulikaa chini ya mwembe na redio moja, tukasikiliza, tukasoma kitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, tukabishana, kisha tukachukua majembe tukachimba vyoo. Palikuwa na somo la kuhara damu na somo la minyoo. Vijana wa leo husikia kampeni wakadhani ni mabango. Ile ilikuwa na malengelenge mikononi. Nami nasema bila kuogopa kupingwa kwamba shimo la choo lililochimbwa vizuri, mbali na kisima, limezuia maumivu ya tumbo mengi kuliko mwarobaini wote wa Dar es Salaam.

Kipindupindu kilipotupiga mwaka 1977 na 1978, elimu ya maji ya chumvi na sukari ilikuwa imeanza kufika, na katika miaka ya 1980 pakiti zake zikazoeleka katika zahanati. Akina mama hawakuzipokea kwa shangwe. Malalamiko niliyoyasikia mara nyingi yalikuwa ya haki kabisa: dawa hii haifungi tumbo. Mtoto anakunywa na bado anaharisha! Nao walizoea kuipima dawa ya tumbo kwa kufunga. Ilihitajika muuguzi mwenye subira, na mmoja namkumbuka huko Mbagala, mwanamama wa makamo, ambaye hakuanza kwa kuwaambia kwamba mila zao ni ujinga. Aliwauliza: "Mama zangu, mtu akifiwa na hamu ya kula mnampa nini?" Wakasema uji mwepesi wa chumvi. "Na mwenye homa akikauka midomo?" Wakasema dafu. Basi akawaambia kwamba pakiti ile ni dada wa uji ule na dafu lile, ila imepimwa.

Aliwaambia kweli. Uji mwepesi uliotiwa chumvi una wanga ambao tumboni hugeuka kuwa sukari, na hufanya kazi kwa njia ileile. Dafu ni zuri, lakini lina chumvi kidogo mno, halitoshi peke yake kwa kipindupindu. Asiye na pakiti huambiwa achukue lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya kilima. Mchanganyiko ukiwa na chumvi kupita machozi, umwagwe, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru mtoto.

Habari ya togwa ndiyo hunifurahisha zaidi. Katika miaka ya 1990 watafiti walifanya uchunguzi hapa nchini kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wakaona kwamba waliokunywa uji uliochachushwa walikuwa na vijidudu vya kuharisha vichache zaidi katika choo chao kuliko waliokula uji wa kawaida. Ule uchachu huwazuia wadudu. Togwa haikutoka Makka, haikutoka Amerika. Ni ya vyungu vyetu, na hakuna kibao hata kimoja barabarani kinachoitangaza, nadhani kwa sababu haina faida kubwa kwa muuzaji.

Serikali nayo haikukaa kando. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu, ambacho mwaka 1991 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, likaundwa na Baraza lake. Wakati wa ukoloni mganga na mchawi walitazamwa na wakubwa wengi kwa jicho moja, kwa hiyo hatua hiyo ilikuwa ya heshima. Lakini sheria huandikisha mganga; haimsikilizi anapomwambia mgonjwa kwamba mchanganyiko wake mmoja hutibu gesi, kisukari na mikosi.

Vidonda vya tumbo ni mfano wa leo. Kila baraza utakaloketi na wazee wenzangu, mmoja atashika chembe cha moyo na kusema ana vidonda. Atakutajia maji ya kabichi, asali, unga wa ndizi mbichi, shubiri. Hata hospitali zamani waliamini ni mawazo na pilipili. Kisha mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walimgundua kijidudu anayeishi ndani ya tumbo, na Marshall, alipoona haaminiwi, mwaka 1984 akamnywa mdudu yule mwenyewe akaugua. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo kijidudu huyo hupimwa, na dawa zake humezwa kwa wiki chache. Wengine vidonda vyao hutokana na vidonge vya maumivu wanavyomeza kila siku kwa ajili ya magoti, kisha wakatafuta mzizi wa kutuliza tumbo waliloliunguza wao wenyewe. Kabichi haina ubaya. Ila mtu anayepata choo cheusi kama lami, au anayekonda bila sababu, hana wakati wa kabichi. Na kadhalika anayehara damu, au anayetoa choo kama maji ya kuoshea mchele, au mtoto ambaye macho yamedidimia. Hao ni wa hospitali, na njiani waendelee kunywa.

Agosti 2015 kipindupindu kilianza tena jijini, Kinondoni, kikasambaa mikoa mingi, na wagonjwa wakapita 20,000 kabla hakijatulia. Mwaka 1997 walikuwa wamezidi 40,000, na zaidi ya 2,000 wakafa. Mara zote mbili nilikuwa nikiyasikia mazungumzo yaleyale barazani, nani ana mzizi gani, lakini nakiri kwamba neno moja sikulisikia tena mtaani kwetu: sikumsikia mtu akisema mgonjwa anyimwe maji. Bibi za leo ndio mabinti wa vikundi vya redio na wa foleni za zahanati. Katazo lile, lililokuwa la asili kabisa, limekufa ndani ya kizazi kimoja, wala hakuna aliyelifanyia matanga.

Nyumbani kwangu bado kuna mpera. Viwanja vya mtaa huu vimegawanywa na kugawanywa tena, kuta zimejengwa, na miti ya uani imekatwa ili kupata chumba cha kupangisha, hivyo watoto wa jirani hutumwa kwangu. "Shikamoo Mwalimu, mama anaomba majani ya mpera." Huwaambia wachume yale machanga ya juu. Kisha huwauliza ni nani anayeumwa, amekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi, na maji yenyewe yamechemshwa lini.